Z Mbili za Bwana Ke

"Z? Tena mbili?" Bwana Ke alikitazama kioo cha kompyuta kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. "A-Ling, mimi nimekukosea nini?"

A-Ling alikuwa karani wa kiwanda chake cha keki za mwezi, zile za sikukuu ya mwezi mpevu, pale mjini Lukang, na kazi yake ilikuwa kutunza taarifa za wateja. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Alitaka kuongeza kisanduku kimoja kwenye programu ya kiwanda, cha kuonyesha wateja wasiokula nyama, ili keki zenye mafuta ya nguruwe zisiwafikie. Kila kisanduku lazima kiwe na jina lake, kwa herufi za Kizungu.

"Bosi, waliotuuzia programu ndio wamesema. Chetu kianze na ZZ, majina mengine yote ni yao. Tukikiita tu SU88 unavyotaka wewe, SU ya wasiokula nyama na nane mbili za bahati, siku wakileta toleo jipya lenye kisanduku cha jina hilohilo, chao kitakikalia chetu. Vyote tulivyoandika vitafutika."

"Z iko mkiani kabisa, baada yake hakuna kitu! Maisha yangu yote nahangaika nitangulie, leo nijipeleke mkiani? Mara mbili?"

A-Ling hakuwa na hamu ya kucheka. Toleo jipya lilikuwa linakuja wiki ileile ya kusafirisha keki za sikukuu. Mwaka uliopita keki za mafuta ya nguruwe zilikwenda kwa watawa wa kule mlimani, wasiogusa nyama kabisa, na mkuu wao alikula tatu kabla ya kuuliza kwa nini safari hii ni tamu hivyo. Alipojibiwa, aliapa kwamba likitokea tena watanunua kwingine. Bwana Ke naye aliapa kwamba likitokea tena, A-Ling atakwenda kuajiriwa kwingine.

"Twende kwa Mwalimu Hsieh," Bwana Ke alisema, akachukua funguo za gari.

A-Ling alimfuata shingo upande. Mwalimu Hsieh alikuwa mpanga majina na mtazama nyota, mwenye kuwachagulia watu siku ya ndoa kwa tarehe zao za kuzaliwa, na Bwana Ke hakumpinga kwa lolote. Ndiye aliyewapa majina wajukuu wa bosi, ndiye aliyechagua namba za malori, na ndiye aliyeamuru lango la kiwanda lihamishiwe uchochoroni. Tangu siku hiyo malori huingia kinyumenyume.

Walimkuta katikati ya moshi wa ubani, mzee wa ndevu nyeupe, mbele yake brashi, wino na karatasi nyekundu. Huyu hata simu sijui kama anayo, A-Ling aliwaza. Ndiye wa kuamua kama nitakula mwezi ujao.

Bwana Ke alieleza shida yake kwa urefu, na jinsi karani wake anavyotaka kumpeleka mkiani. Mwalimu alisikiliza macho yamefumbwa.

"Programu yenyewe mmenunua kwa nani?" aliuliza mwishowe.

"Kwa wale jamaa wa Taichung, Mwalimu."

Mwalimu alikunja uso kidogo. Akasema anakwenda kupiga hesabu, akapotelea nyuma ya pazia.

Mara simu ya Bwana Ke ikalia, akatoka nje kumgombeza dereva aliyekwama langoni kule kiwandani. A-Ling aliona hii ndiyo nafasi yake. Akalisogelea pazia. Nyuma yake hesabu zilikuwa zikipigwa, ta-ta-ta, bila kupumzika.

"Mwalimu, nakuomba. Mpe jina lolote ulipendalo, lakini mbele weka Z mbili. Usipoziweka, kazi sina."

"Majina hayaombwi, binti. Kaa, unywe chai."

Alikaa. Chai haikupita, machozi ndiyo yaliyopita. Bwana Ke aliporudi alimkuta akijifuta kwa mkono wa shati, akadhani ni ubani.

Mwalimu alitoka na karatasi nyekundu, wino haujakauka. Ilikuwa imeandikwa ZZSU88.

Bwana Ke aligeuka rangi. "Mwalimu! Hata wewe?"

"Itazame vizuri hiyo Z. Inakwenda, inapinda, inakwenda tena. Ni nini hiyo?"

"Sijui, Mwalimu."

"Ni mto. Kiwanda chako kina majiko mchana kutwa, moto mtupu. Unachokosa ni maji, na maji ndiyo mali. Nimekupa mto unaopinda mara mbili kabla haujaingia kwako."

Uso wa Bwana Ke ulifunguka taratibu. "Kumbe mto!" Akapiga paja. "Basi tuweke tatu!"

"Mbili!" Mwalimu aliruka hadi kikombe kikapinduka. "Mbili tu. Tatu ni mafuriko."

Bwana Ke aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akainama mara kadhaa, akatangulia kuwasha gari huku akimwambia kila aliyepita njiani kwamba amepata mto. A-Ling alibaki nyuma. Furaha ilimjaa mpaka hakujua aanzie wapi kushukuru. Alimkamata mzee mkono.

"Mwalimu, Mungu akulipe kwa huruma yako. Najua umeyaona machozi yangu."

"Machozi gani?" Mzee alichungulia mlangoni kuhakikisha Bwana Ke yuko mbali, akashusha sauti. "Mwaka jana na mimi, kwenye kompyuta yangu hapo nyuma ya pazia, nilikiita kisanduku changu cha tarehe za kuzaliwa jina zuri, limejaa baraka, halina Z hata moja. Wale jamaa wa Taichung wakaleta toleo lao jipya, na wateja wangu wote wakawa wamezaliwa siku moja. Nilikuja kugutuka, binti, nusu ya mji wanaoana Jumanne moja."