Mashua ya Mtu Mmoja

Mume alijilaza kwenye kitanda cha mashua. Miguu ikaning'inia nje kama mkia wa samaki aliyezidi kikaango.

"Kinatosha," alisema.

Dalali, ambaye yadi nzima ya mashua ilimwita Redio kwa kuwa hazimwi, alimtazama mke aliyesimama mlangoni mwa kichumba. Mke akaangalia pembeni.

"Kinamtosha nani, kaka? Lala humu usiku mmoja, kesho tukukunjue kwa spana. Ile pale ina vitanda viwili, bei ileile."

"Nataka ya mtu mmoja."

Ilikuwa mashua ya tatu tangu asubuhi, na jibu lilikuwa hilohilo. Akiba yao ilikuwa ya kujinyima hata soda. Mke alikulia kwenye mashua ya tanga ya babake, na kurudi majini ndiyo ndoto pekee aliyoingia nayo kwenye ndoa. Miaka yote mume alimwitikia, "Mwaka ujao, mke wangu." Sasa mwaka ujao umefika, kumbe una nafasi moja.

Mume alitoa mfukoni uzi mweupe wenye fundo moja. Akaunyoosha kitandani, ukaenea bila kuzidi. Akaanza kupanda ngazi kwenda juu. Vipago vilikuwa vinne tu, lakini alipumzika katikati, mkono mmoja ukizuia suruali. Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya, la kutobolewa kwa msumari.

"Umekonda, kaka," Redio alimchokoza. "Mapenzi hayo au madeni?"

"Kamba za tanga zinafika kwenye usukani?"

"Zote. Unapandisha tanga umekaa, wala kiti hakipoi."

"Hata mwenye mikono mifupi?"

Hakungoja jibu. Alipima kwa uzi kutoka kwenye kiti hadi kwenye kamba, akakuta fundo la kipimo cha mkono limevuka kamba. Akaketi kitini.

Mke, aliyewafuata juu, alisikia hiyo mikono mifupi. Wiki kadhaa sasa mume alikuwa akitoka bila kuaga na kurudi hoi, akiulizwa anasema alikuwa "mahali". Simu alipokelea nje. Kitandani aligeukia ukuta. Mke hakuhitaji kupigiwa ngoma ndipo ajue kuna harusi.

"Wewe hata kwenye kivuko unatapika," alisema polepole. "Hii nani ataiendesha?"

"Anayejua."

"Na mimi?"

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Alimsogelea. "Mume wangu, kama nimekukosea, niambie. Nitalala sakafuni humu. Nitalala juu ya kamba kama paka wa bandarini. Usiniache nchi kavu."

Redio, kwa mara ya kwanza yadini pale, alizimika.

"Ya mtu mmoja," mume alirudia, kama mtoto aliyekaririshwa. "Dalali, naichukua hii."

Mke akampokonya uzi.

"Hiki kipimo cha nani? Si chako! Cha mwanamke hiki, tena kifupi, kijikono kama kijiko! Umempima saa ngapi, amelala?"

"Nirudishie." Alijaribu kuinuka, akashindwa. Akabaki ameketi penye usukani, ameushika kwa mikono miwili kana kwamba mashua inazama, nayo ipo juu ya magogo. "Nakuomba. Nirudishie."

"Ngoja kwanza nimwone huyo malkia wako. Nijue nimeshindwa na mtu wa kimo gani."

Aliikanyaga ncha moja ya uzi kwa kisigino, akaivuta nyingine juu kwa hasira, ikapita kiuno, ikapita bega, mpaka uzi ukakaza.

Uliishia utosini mwake.