Moyo wa Fikirini

"Vua shati hilo, nipe," Gharibu alimwambia mdogo wake. "Na uache kutetemeka. Anayekwenda kukimbia ni mimi, si wewe."

Walikuwa wamejibanza nyuma ya ofisi ya kampuni ya mbao, Kibiti. Fikirini alivua shati. Kwenye mfuko palikuwa pamebandikwa karatasi yenye jina lake na namba kumi na saba.

Kwa sura walifanana sana. Kwa mengine, Gharibu alisema, huyu mdogo alistahili kuzaliwa kuku. Yeye, na miaka yake arobaini na moja, alikuwa akibeba magunia ya mpunga kijijini Chumbi na kuwacheka waliobeba kwa kusaidiana. Fikirini alikuwa mtunza ghala la korosho la ushirika mpaka mwaka wa tisini na mbili, ghala lilipofungwa na wote wakarudishwa nyumbani. Tangu siku hiyo, akipanda kilima kidogo tu, anashika kifua na kuhema.

"Bibi harusi huyo," Gharibu alikuwa akisema mbele za watu. "Mpeni kiti."

Sasa kampuni mpya ilitaka mtunza ghala aliyesoma. Lakini mfanyakazi wao mmoja alianguka kazini akafa, kwa hiyo kila aliyeomba kazi alitakiwa kupimwa moyo. Mama yao, Mwamini, ndiye aliyetoa amri: Fikirini alale kwenye kipimo cha asubuhi, Gharibu akimbie kwenye cha mchana.

"Nitafanya kwa ajili yako, mama," Gharibu alijibu. "Si kwa ajili ya huyu."

Dokta Sadallah alikuwa ametoka Dar na mashine ya kupiga picha za moyo, jenereta lake, na maji yake ya kunywa. Ya Kibiti hakuyagusa. Asubuhi aliwapiga picha wote wakiwa wamelala kimya robo saa. Mchana ilikuwa zamu ya kukimbia. Muda wote huo macho yake yalikuwa kwenye kioo cha mashine na kwenye karatasi. Sura za watu hazikumhusu.

"Mkiwalaza tu, mioyo yao inadanganya kama wenyewe," alimwambia nesi Rukaya kwa sauti, waombaji wakisikia. "Mkimbize mtu, umlaze palepale, nitaona ukweli. Akipumzika dakika mbili tatu, moyo umeshatulia, uongo unaanza upya. Kwa hiyo usiniletee mtu aliyekaa. Umenielewa, au nirudie polepole?"

"Nimekuelewa, daktari," Rukaya alisema, saa yake mkononi.

"Kumi na saba!"

Gharibu alitoka na shati la mdogo wake. Walitakiwa kwenda mbio mpaka barabara kuu na kurudi, mara tatu. Alianza kwa kasi, akiwapita wenzake na kuwauliza kama wamebeba mimba. Mzunguko wa pili bado alikuwa mbele. Wa tatu alipunguza mwendo, akatema mate, akajisugua chini ya kifua.

"Mihogo ya mama," alimwambia Rukaya alipofika. "Kiungulia. Ngoja nikae kidogo kwanza."

"Hakuna kukaa! Lala!" Rukaya alimsukuma ndani. "Sekunde arobaini, daktari."

Mafuta ya baridi yalipakwa kifuani, kidude cha mashine kikapita juu ya mbavu. Daktari alianza kupiga mluzi. Kisha mluzi ukakatika. Akarudisha kidude palepale, akakikandamiza. Akachukua picha ya asubuhi, akailinganisha na kioo, akailinganisha tena.

"Bwana Fikirini," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia kwake tangu asubuhi. "Asubuhi ukiwa umelala, moyo wako ulikuwa safi. Sina hata nukta ya kulalamikia. Lakini sasa, umekimbia kidogo tu, ukuta huu mmoja wa moyo umesimama. Haupigi, damu haiufikii. Unajua maana yake?"

Gharibu aliinua kichwa, akakitazama kioo.

"Kazi nimekunyima, na hilo ni dogo. Usinyanyue mzigo. Hata ndoo ya maji. Kesho twende wote Dar kwa gari langu. Kesho, si kesho kutwa."

Gharibu alishuka kitandani, akafunga vifungo vya shati, kimoja akakiruka. Nje, Fikirini alikuwa akimsubiri kifua wazi. Alipomwona akaja mbio.

"Vipi, kaka? Moyo wangu wamesemaje?"

"Wako sijui," Gharibu alisema, akajishikiza begani kwake. "Nipeleke taratibu."