Dawa ya Mawaridi

Loretta aligeuza jani la bangi chini ya taa akakuta utitiri wote, wadudu wadogo wanaofyonza majani, umekufa. Tando zao bado zilining'inia kati ya maua, na juu yake yaling'aa matone yenye mafuta. Alipoyanusa, macho yalimwasha.

Akamgeukia shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa ameegemea mlango huku theluji ya Michigan ikimyeyukia mabegani.

"Umepuliza nini humu?"

"Ile dawa ya mawaridi iliyokuwa gereji. Wewe wiki nzima unaiogesha miche kwa sabuni kama vichanga. Mimi nimewamaliza wadudu mara moja. Shukuru basi!"

"Haya maua ni ya kuvuta, mpumbavu wewe! Kaka yako anavuta kutuliza kichefuchefu, ili walau chakula kikae tumboni!"

"Usinitukane, shemeji. Hii nyumba ni ya mama yangu."

Loretta alikata ua moja nono, likamwachia unyevunyevu wa kunata vidoleni. Akamsukumia kifuani pamoja na kiberiti.

"Haya, kama ni salama vuta wewe. Hapa hapa, nikuone."

Shemeji hakulipokea. Uso ulimshuka, akainua macho darini, upande wa chumba cha kaka yake mgonjwa ghorofani.

"Alikuwa anatapika sana," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimsokotea msokoto mmoja wa haya maua kabla hujarudi."

Loretta alimpiga kikumbo akapita, akapanda ngazi mbio huku akiita jina la mumewe.