Nusu ya Rugamba

Kabla ya kubisha mlango, Theogene alipapasa mfuko tena. Nusu ya sarafu ilikuwemo, na simba wake mmoja.

Alitoka Jeffersontown alfajiri, kwenye ghala la Kimarekani ambako alipakia masanduku ya watu wasiojua jina lake. Jina lenyewe alipewa na karani wa kambi. Walimwandikisha mara tano, wakampiga picha, wakachukua alama za vidole vyote kumi. Hakuna aliyemuuliza mama yake yuko wapi.

Halafu Krismasi ya 2014 sauti ya bibi aitwaye Kabanyana ikaanza kuzunguka kwenye simu za wakimbizi: "Rugamba, mwanangu, kama uko hai. Mwaka wa tisini na sita, tukikimbia, baba yako alikata kwa shoka ile sarafu babu yako aliyoachiwa na Mbelgiji kwa ng'ombe wake. Imeandikwa Karolus. Simba mbili zinaangaliana. Yangu inaangalia kuume. Leta yako. Niko Buffalo."

Aliisikiliza mpaka akaikariri. Mwaka ule wa tisini na sita alikuwa na miaka sita.

Njiani alipita Columbus, kwa Aganze, mtafiti wa historia chuoni.

"Bon. Huyu ni Karolo, mtawala wa Burgundi, dola ya kale ya Wazungu, 1475," Aganze alisema, akiigeuza chini ya taa. "Alitawala babu za Wabelgiji."

"Walewale waliokuja kututawala."

"Walewale. Na Mbelgiji wa serikali alichukua ng'ombe mzima, akamwachia mzee wenu hii?"

"Ndivyo mama anavyosema."

"Karolo huyu aliuawa vitani, akaachwa kwenye theluji, mbwa mwitu wakamla uso. Daktari wake akamtambua kwa makovu. Hata hivyo kuna watu waliomngoja miaka." Alipitisha kidole kwenye mkato. "Hapa panang'aa sana, kaka."

"Nimepasugua."

"Donc, wewe mama atakutambua kwa kovu gani?"

"Kwa nusu hiyo hiyo."

Sasa mlango ulifunguka. Bibi mfupi, kitenge juu ya sweta.

"Mama," Theogene alisema. Neno hilo alikuwa amelifanyia mazoezi garini.

Kabanyana alimkumbatia kwa muda mrefu, kama wanavyosalimiana watu wa milimani, mikono ikishuka mabegani, mgongoni. Kisha akaweka nusu yake mezani. Theogene akaisogeza ya kwake. Simba wakaangaliana.

"Mwanangu," akasema bibi. Theogene akalia kama mtoto wa miaka sita.

Alimmiminia maziwa kikombe kizima. Akashusha kopo la biskuti kabatini, akalifungua ili amweke simba mgeni. Ndani walilala simba saba, wote wakitazama kushoto.

"Ndugu zako watakuja Jumapili kukuona."

Theogene hakuweza kuinua macho. "Mama, miye..."

"Kunywa maziwa, mwanangu. Rugamba nilimuzika kwa mikono yangu, na nusu yake kwenye kiganja chake."