Maoni ya Kwanza

Tangu Mwalimu Sikudhani aanze kuweka masomo yake kwenye blogu, hakuna mwanafunzi aliyeandika hata neno. Leo, chini ya somo la mizizi, akakuta maoni: "Asante sana, nimejifunza mengi." Akamwita mwenzake, Mwalimu Kibwana, aje aone.

Kibwana akabofya jina la mwandishi. Ukafunguka ukurasa wa duka la viatu.

"Mwalimu, huyu si mtu. Ni programu tu, inamwaga maneno hayo hayo kila mahali."

"Kwani wewe, hao wa darasani kwako wanakushukuru?"

Kibwana akatoka.

Sikudhani akaandika kwa kidole kimoja: "Karibu, mwanangu. Umekwama wapi?"

Jibu likaja papo hapo: "Asante sana, nimejifunza mengi."

Akajifuta macho kwa upindo wa mtandio, akaanza kuandaa somo la kesho.