Bangili ya Msaidizi

Nilipochoka na mikataba ya miezi mitatu wanayopewa wauguzi wenye digrii kama mimi, nilichukua ajira ya kudumu ya muuguzi msaidizi. Waajiri wakanivisha bangili inayolia mkono ukifanya kazi inayozidi daraja la msaidizi, hata nikiwa nyumbani. Mama nilimwambia ni urembo tu.

Jumapili, jirani yetu Mama Tumpale alimleta mwanawe, anahema kwa shida.

"Bahati yako, nesi wangu yupo," mama alimwambia kwa majivuno.

Nilipoweka mkono kifuani kwa mtoto nihesabu pumzi, bangili ikalia mpaka mtoto akashtuka.

"Mkimbize hospitali," nikasema, mkono nimeuficha kwenye kanga.

Mama aliitazama kanga, bangili bado inalia ndani. Tangu siku hiyo, mgonjwa akibisha hodi, mama humjibu kwamba sipo, nami nimekaa jikoni, nasikia.