Kitasa cha Chumba Namba Tatu

Mama aliuvuta mlango kwa nguvu zake zote, kitasa kikazunguka bure mkononi mwake. Mlango haukutikisika.

"Nilikwambia usiufunge," mumewe alisema.

Ni kweli, alimwambia. Tangu wapande treni jana, mzee alikuwa akiuzuia kwa kiatu usijifunge, na Mama akimcheka. Mtu kalipiwa chumba chenye zulia, shuka laini na kengele ya kuitia chai, halafu alale mlango wazi kama duka! Asubuhi hii, alipotaka kuvaa nguo za harusi, akakiondoa kiatu, akaubamiza.

Tiketi aliwakatia binti yao, mwana wao wa pekee, anayeolewa leo. Mzee, seremala mstaafu wa karakana ya reli, alikuwa amekataa katakata. "Treni ile ni kutupa pesa. Basi linatosha." Mama akamtolea uvivu: "Mwana mmoja, harusi moja! Ubahili mwingine ni uchawi, mzee wangu."

Sasa treni ilikuwa inapunguza mwendo. Ingesimama dakika nne tu, na kituo kinachofuata kilikuwa mwendo wa saa tano. Ndoa ilikuwa saa nne.

"Jamani, tumefungiwa!" Mama akagonga kwa ngumi. Mhudumu akaja mbio, akausukuma kwa bega kutoka nje. Wapi! Dirisha nalo lilikuwa kioo kizima kisichofunguka, kwa ajili ya kiyoyozi.

"Huu ndio ufahari wenyewe? Kwangu nina vitasa sita vya shaba ulivyonifungia wewe mwenyewe, umbo la samaki, navisugua kila Jumamosi. Miaka ishirini na mbili havijawahi hata kulia! Fundi wa mlango huu, popote alipo, asile akashiba!"

"Usiapize, mke wangu." Jasho lilikuwa linamtiririka mzee, na kiyoyozi kinavuma.

Treni ikasimama. Bibi harusi alikuwa pale pale jukwaani, ameshika gauni lisiburuze, anachungulia behewa moja baada ya jingine. Mama akapiga kioo. "Mwanangu! Tuko huku!" Binti akamwona, akacheka, akawapungia mkono washuke. Mama akaangua kilio, maana hakujua amwonyeshe ishara gani ajue kwamba hawawezi.

"Fanya kitu basi! Wewe si fundi?"

Mzee akachukua kisu cha matunda kwenye sinia, akapiga magoti. Alifungua skrubu bila kuzitafuta, hata ile iliyojificha chini ya ukingo wa mbao. Bamba pana la bati likaanguka zuliani pamoja na kitasa chake. Lakini ulimi wa kitasa ulikuwa umekatikia ndani ya fremu, na kisu kikapinda.

Treni ikajikokota. Binti akakimbia sambamba na dirisha, anaita kitu wasichokisikia, mpaka jukwaa likaisha.

Mama akageuka amlaani fundi yule kwa mara ya pili. Pale lilipokuwa bamba, mbao ilikuwa imechongwa kwa ajili ya kitasa kingine kabisa. Akapitisha kidole kwenye lile pengo, polepole, kama apitishavyo kitambaa kila Jumamosi: kichwa, mapezi, mkia.